Mkono wa Baba Kwenye Fomu ya Chuo

Enzi zile za Mwingereza, nyinyi wenzangu mnaohesabu meno yaliyobaki mtakumbuka, mtoto wa darasa la kumi alikuwa mgonjwa wa nyumba nzima. Nilirudi Bagamoyo likizo ya mwisho na mkoba umejaa kazi: jometri, wafalme wa Uingereza, insha sita za Kiingereza. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu tumboni. Kule bwenini niliota harufu ya mkate wa kumimina. Basi mama aliupika kila asubuhi, nikashiba, nikafungua jometri, nikasinzia juu yake. Baba akiniona nimeinama, aliwakemea majirani wanaotwanga: "Jamani, punguzeni mchi! Mtoto yumo ndani ya hesabu!" Kumbe mtoto udenda unamtoka juu ya pembetatu.

Mama alikuwa akimcheka. "Mume wangu, unamkodolea mtoto kama maziwa jikoni. Hachemki huyo."

Nilikuja pia na fomu ya kuombea chuo cha ualimu. Baba aliposikia chuo akanitania: "Si ulishatoka chuoni una miaka tisa, unakimbia bakora za mwalimu?" Kwake chuo kilikuwa kimoja tu, cha Kurani. Huko ndiko alikosoma. Shule ya serikali hakuikanyaga. Alilima mihogo Makurunge, lakini mtaani alijulikana kwa mkono wake, yaani mwandiko. Barua za posa, za msiba, za watoto walio mbali, zote alizisoma na kuzijibu yeye, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ulimtaka mzazi aeleze kwa mkono wake kwa nini anataka mwanawe awe mwalimu. Nikamfasiria huku natafuna.

"Niandike mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba."

Herufi zipi, sikusema. Uvivu tu. Akatawadha, akaketi mkekani tangu alasiri mpaka magharibi, akaandika mistari saba kuanzia kulia, haina hata doa. Akanisomea. Mmoja ninao mpaka leo: "Nawapa mwanangu ana adabu, nirudishieni nayo, elimu iwe juu yake." Nilipoiona karatasi nikajua nimeharibu: serikali ilitaka herufi za Kizungu. Fomu ilikuwa hiyo moja. Nikasema, "Ahsante, Baba."

Kesho yake tukaenda wote bomani kuirudisha, baba na kanzu yake ya Idi. Karani, kijana wa Kiswahili kama sisi ila kavaa tai, akaigeuza karatasi juu chini, chini juu. Baba akajisogeza kumwonyesha pa kuanzia, akaambiwa angoje. Karani akanigeukia kwa Kiingereza: baba yako anajua kusoma na kuandika?

Nafasi yangu ilikuwa mezani pale. Ningeweza kusema anajua, kuliko mimi. Niliogopa ataitupa fomu. Nikajibu kwa Kiingereza, nikijua baba haelewi: hapana, bwana, hajui.

Karani akachora mstari juu ya ile mistari saba, akasogeza kijisanduku cha wino wa muhuri. "Mzee, weka dole gumba hapa."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Baba alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Akaweka dole, akalifuta kwa majani ya mpapai nje, tukarudi nyumbani.

Nafasi yenyewe ya chuo niliikosa. Jometri, waliniandikia.

Wiki ile ile ya dole gumba, jirani yetu, Bi Mwanahawa, alileta barua ya mwanawe aliyekuwa Tanga. "Shikamoo, kaka. Nisomee, usiku sikulala."

"Marahaba. Mpe msomi huyo," baba akasema. "Mimi sijui kusoma. Serikali imeandika."

Bi Mwanahawa akadhani ni utani, akacheka. Baba hakucheka. Nikaishika ile barua. Chuoni nilijifunza kukariri Kurani; mwandiko wa mtu, Kiswahili ndani ya herufi zile, sikuupata hata neno. Bi Mwanahawa akaninyang'anya taratibu, akaenda kutafuta msomaji mtaa wa pili. Baba hakuandika tena mpaka tulipomzika.

Sasa nina mjukuu kidato cha sita. Mama yake anakaa naye kwenye kompyuta kujaza maombi ya chuo, na bwana mdogo, ambaye hata kuchemsha chai ni mtihani kwake, anambwatukia: "Mama, niachie, wewe mambo haya huyajui!" Enzi zetu ungethubutu? Kofi lingetoka hata kwa mpita njia. Tulikuwa na heshima sisi, tukiwapokea wazazi mzigo, tukiwaamkia kwa kuinama. Kila nikitaka kumkaripia, nalikumbuka lile dole gumba la baba. Mama yake hucheka, akavuta kiti karibu zaidi. Angalau huyu anamwambia usoni, kwa lugha anayoielewa.