Gitaa Lililonasa Maneno

Mume wangu Gaudens alikuwa seremala, lakini Kariakoo hawakumjua kwa vitanda wala meza. Walimjua kwa magitaa. Klabu za jazi zikitaka kununua gitaa, au mtu akitaka kujua kama alichouziwa ni gitaa au ni kuni, waliambiwa wampelekee Mchaga wa Mtaa wa Sikukuu. Akisema ni baya, ni baya, hata liwe limepambwa kama bibi harusi.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwa miaka sita tulilijua watu wawili tu, mimi na yeye. Mume wangu alikuwa hasikii.

Masikio yake yalifia kwenye kiwanda kimoja cha mbao, na jina silitaji, nisije nikatukana bure na umri huu. Alisimama mbele ya msumeno wa mashine miaka minne. Alipoacha kazi alibaki anasikia lori likipita na ngoma ikipigwa jirani, basi. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Mimi nikajifunza kusema naye kwa kuchezesha midomo bila kutoa sauti, na yeye akajifunza kuongea kidogo na kutikisa kichwa sana. Watu wakawa wanasema huyu fundi ana busara, hana maneno mengi. Mimi nacheka moyoni.

Utaniuliza, mbona hamkusema? Tungesema nini? Nani atampelekea gitaa fundi kiziwi? Kazi ingekufa siku hiyohiyo, na kazi ikifa hatuna mbele wala nyuma. Ingebidi tufungashe turudi Kibosho, na kule sehemu yake ya migomba alishamwachia kaka yake. Tungekaa kwa shemeji yangu kama wageni wasioondoka. Mimi na mke wa shemeji yangu jiko moja? Thubutu.

Kwa hiyo kazi tuliifanya wawili. Yeye alikuwa mikono, mimi masikio. Mtu akija na gitaa lake, Gaudens analishika, analipapasa, analitazama shingo kwa jicho moja kama anayelenga ndege. Mimi nimekaa kando na uzi wangu, nafuma vitambaa vya meza, kazi niliyofundishwa na masista. Gitaa likipigwa, likilia vizuri naendelea kufuma. Likilia vibaya naweka sindano mapajani. Hakuna aliyeshtuka. Wanawake wa mtaani walisema Severa ana wivu, habanduki kwa mumewe. Waache waseme. Na wivu nilikuwa nao pia, sikatai, mume wangu alikuwa mzuri wa sura.

Basi mwaka wa hamsini na nane, Bwana Azzan, Mwarabu mwenye duka la gramafoni na taa kule Mchafukoge, akaletewa magitaa mawili ya umeme kutoka Mombasa. Yalikuja ya kujaribiwa, na litakalokataliwa lingerudi lilikotoka siku ya Jumatatu. Klabu ya jazi ya mtaani kwetu ilitaka moja, kwa ajili ya dansi la Pasaka. Safari, mpiga gitaa wao, alikuja mwenyewe kumwita Gaudens akatoe neno. Ijumaa asubuhi tukamwacha mtoto wetu Candida kwa mama mwenye nyumba, Mwanamkuu, tukaenda.

Majina ya kizungu yaliyoandikwa kwenye magitaa yale yalitushinda wote, tukayaita kwa picha zake, kama tunavyoita sabuni na viberiti. Moja lilichorwa tausi kichwani, jingine nanga. Tausi lilikuwa jekundu, linang'aa hadi unajiona uso, na vifungo vyake rangi ya dhahabu. Nanga lilikuwa jeusi, zito, halina urembo wowote, na bei yake ilizidi ya Tausi kwa theluthi nzima. Safari alikuwa amelikumbatia Tausi kabla hata hatujakaa. Alisema kwa bei ya Nanga klabu ingepata Tausi na masuruali mapya ya wapigaji.

Gaudens akayalaza yote mawili kwenye meza ya duka. Akapitisha kidole kwenye vyuma vya shingo. Vya Nanga vilikuwa vimepigwa tupa hadi laini. Vya Tausi vilikwaruza. Akazungusha funguo za nyuzi, akanusa gundi, akageuza mgongo wa Tausi akanionyesha skrubu, na midomo yake ikaniambia zimepigwa nyundo. Yaani mtu kachukua skrubu akaigongomea kama msumari! Kwa seremala hayo ni matusi. Mbao yake nayo ilikuwa ya tabaka tabaka, na joto la Dar es Salaam tunalijua linavyozifanya mbao za namna hiyo. Lakini Gaudens alikuwa mtu wa haki. Akawaambia kwamba yote hayo yeye anaweza kuyatengeneza, na kwa bei ile Tausi si hasara, ila kwanza wasikilize sauti.

Sauti ilikuwa kazi yangu. Bwana Azzan akachomeka waya kwenye sanduku la spika, likanguruma kidogo, na Safari akapiga Nanga, kisha Tausi. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa karibu na gitaa la umeme. Nanga lilikuwa safi, kila uzi na neno lake. Lakini Tausi, mama yangu! Lilijaza duka, likaniingia kifuani, likanifanya nitake kucheza nilipokaa. Nilifuma kwa magitaa yote mawili, na kwa Tausi nikafuma mbiombio. Gaudens akaitazama sindano yangu, akatikisa kichwa polepole kama kawaida yake.

Hapo muda wa swala ya Ijumaa ukafika. Bwana Azzan na Safari wakasema watarudi wakishaswali, fundi atoe neno lake. Wakarudishia mlango nusu, wakaenda. Spika wakaisahau inawaka, na Tausi lipo mezani na waya wake.

Mimi donge la uzi lilikuwa limebingirika chini ya meza. Nikainama juu ya lile gitaa kuvuta uzi, na nikiwa nimeinama nikamwona mume wangu alivyo. Alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku la spika, kichwa kimeligusa, amenipa mgongo, anachungulia nyuma yake. Na shati, bega moja limepanda, nikajua kafunga kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Na mimi, kwa miaka sita, nilishazoea kumsema mbele yake bila hofu. Nikaanza, tena kwa sauti, maana hasira zangu hazijui kunong'ona.

"Mtu mzima huyu, kifungo kinamshinda, halafu watasema mkewe hamtunzi."

Sanduku likatoa sauti. Ilikuwa sauti yangu, kubwa, inakwaruza, kama ya mama mwingine aliyejificha mle ndani.

Gaudens hakugeuka. "Kifungo gani?" akauliza.

Alikuwa amenipa mgongo, midomo yangu haioni. Nikaiegemea ile meza. Yeye akageuka taratibu, akanitazama mimi, akalitazama sanduku, kisha akaweka sikio lake pale kwenye kitambaa cha spika na kufumba macho.

"Sema tena, Mama Candida."

Hebu fikiria. Miaka sita una mambo ya kumwambia mumeo, halafu anakuambia sema, na kichwa kinakuwa kitupu. Nikasali Salamu Maria. Ndiyo iliyokuja. Niliinamisha mdomo hadi karibu na nyuzi, nikaisali yote kwa sauti, na yeye akaitikia ile nusu ya pili mahali pake hasa, bila kupitwa na neno. Machozi yalinitoka yakadondokea gitaa la watu.

Akasema sauti yangu imezeeka. Nikamwambia imezeeka kwa kumpigia kelele yeye. Akacheka, wallahi alicheka hadi akakaa sakafuni.

Kisha akaacha kucheka. Akaja akalifungua Tausi tumboni, akatazama kile kisahani cha chuma na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kukamata mlio wao. Akanionyesha waya ulivyozungushwa legelege, unatikisika hata ukipuliziwa. Akaniambia hicho kinatakiwa kikamate nyuzi peke yake, na hiki kinakamata kila kitu. Ndiyo maana lilinijaa kifuani. Na ukumbini, watu mia wanacheza, spika imepandishwa, litanasa vishindo vya miguu na makelele, litajisikia lenyewe, litapiga yowe. Akasema hiyo haitengenezeki kwa vifaa vyake yeye.

Sasa nitasema nilichofanya, na sijivunii. Nilimshika mkono nikamwambia aseme Tausi. Klabu ilikuwa mlango wa nne kutoka kwetu. Gitaa lao angekuwa analitengeneza yeye, kila wiki, na sisi tungekuwa na saa yetu ya kuongea mle ndani. Nani angejua? Mimi mwenyewe, masikio yake, nilikuwa nimelipitisha. Nilimwambia tumeteseka vya kutosha, safari hii tujipendelee. Aliisoma midomo yangu hadi mwisho. Alifungua kifungo cha shati lake, akakifunga vizuri.

Walipoingia kutoka msikitini alisema neno moja, "Nanga."

Safari alikasirika, na nilimwelewa. Alisema hata mke wa fundi alionekana kufurahia Tausi. Tena akasema, bila kumtazama Gaudens usoni, kwamba labda Bwana Azzan kampa fundi chochote ili klabu iuziwe la bei kubwa. Bwana Azzan akang'aka. Gaudens maneno yote yalimpita, akaniuliza kwa macho kimesemwa nini. Nikamwambia kwa midomo. Rangi ikamtoka. Mume wangu angeweza kuitwa maskini, angeweza kuitwa mshamba, lakini neno lake lilikuwa halijawahi kuitwa la kununuliwa.

"Bwana Safari," akasema, "mimi ni kiziwi. Huu mwaka wa sita. Masikio yangu ni huyu hapa. Lakini leo hilo gitaa limenisikilizisha sauti ya mke wangu, na gitaa zima halifanyi hivyo."

Nilitamani sakafu ipasuke. Gaudens akamwambia Safari aseme kitu akiwa ameliinamia Tausi. Safari akasema, na sanduku likasema naye. Akapandisha sauti ya spika, akapiga makofi mara moja, na Tausi likapiga yowe hadi Bwana Azzan akaziba masikio, akisoma lahaula. Wakachomeka Nanga. Safari akaongea, akapiga makofi, akagonga meza. Nanga halikusema kitu mpaka lilipoguswa uzi.

Safari alikaa kwenye kibao, kofia yake mkononi. Akamwomba Gaudens radhi, kisha akakumbuka, akainua uso ili midomo ionekane, akaomba tena. Klabu ikachukua Nanga. Na Safari huyohuyo, sitamsahau, ndiye aliyezunguka Kariakoo baadaye kuwaambia watu kwamba kama kuna mtu wa kuaminiwa ni yule Mchaga kiziwi. Miezi mitatu kazi ilipungua, sitadanganya, tulikula mihogo. Kisha wakarudi mmoja mmoja, nami nikawa nasema waziwazi hili zuri, hili takataka, bila kuhangaika na sindano.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, Safari alipokwisha kuondoka na Nanga lake, mimi nilibaki nalia, na Bwana Azzan akawa hajui atazame wapi. Akaanza kupanga taa zilizokwisha kupangwa. Kisha akaniambia, "Mama Candida, Tausi linarudi Mombasa Jumatatu. Leo ni Ijumaa." Akaenda zake kukaa barazani.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilitoka mbio, viatu mkononi, kutoka Mchafukoge hadi Mtaa wa Sikukuu, watu wananipisha wakidhani nimefiwa. Candida alikuwa na miaka minne. Alizaliwa baba yake akiwa ameshaacha kusikia. Nilimnyakua mikononi mwa Mwanamkuu, uji bado mdomoni, nikarudi naye dukani.

Tukamsimamisha kwenye kiti, Tausi mbele yake. Baba yake alikaa sakafuni, shavu kwenye sanduku. Nikamwambia, mwanangu, mwambie baba kitu. Akaona haya, akaficha uso kwapani kwangu. Nikambembeleza. Nikamwahidi kashata. Mwisho akainama kwenye nyuzi, akatoa lililokuwa rohoni mwake.

"Baba, mama jana alinichapa."

Hata Bwana Azzan kule nje nilimsikia akicheka. Mimi nilitaka kujitetea, maana alikuwa amemwaga mafuta ya taa. Lakini Gaudens hakucheka. Alibaki vilevile, macho yamefumbwa, mkono umefunika mdomo. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akamtazama yule mtoto kana kwamba ndiyo kwanza kazaliwa.

"Ana sauti ya mama yangu," akasema.

Mama mkwe wangu alifariki kabla sijaolewa. Nilikuwa nikimsikia Candida kila siku, asubuhi hadi jioni, na mimi nisingeweza kulijua hilo kamwe.