Mswaki wa Betri wa Kristofa

Pamba ilipoanza kununuliwa na kila mwenye mizani, Bariadi tulijaliwa baraka nyingi ambazo hatukuziomba: sabuni za kunukia, redio zinazokufa kabla ya Pasaka, na mswaki unaojiswaki wenyewe. Huo wa mwisho aliununua jirani yangu Kristofa Ngassa, siku ileile aliyouza pamba yake.

Kristofa alikuwa mshenga. Kutoka Maswa hadi Bukundi, ukitaka mke usiyemstahili, unamwita yeye. Lakini fizi zake zilikuwa zinavuja damu, na jino moja la mbele limeanza kucheza. Nani atamsikiliza mshenga mwenye pengo? Aliogopa, na nisingemlaumu.

Mganga wa meno alimwambia kwamba mswaki wa mkono au wa betri yote inafaa, mradi aupitishe taratibu pale jino linapokutana na fizi, mbele na nyuma, asubuhi na usiku. Katika maneno yote hayo Kristofa alisikia moja tu, betri.

Basi kila asubuhi alisimama uani karibu na barabara, mashine ikinguruma mdomoni ili sote tusikie. Mkewe Mektilda aliketi kando na kijiti chake, ametafuna ncha mpaka ikalainika, anasugua polepole huku akiota jua.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama huyo kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka. Msikie mwenzako anavyosaga unga."

"Hii ni sayansi!" Kristofa alijibu kwa povu. "Wewe unasukuma kwa mkono. Mimi nasukumiwa."

Msukuma kusukumiwa! Kweli soko lilikuwa huria.

Sayansi hiyo ilikula betri kama mchwa. Kwa kuzionea huruma, Kristofa akawa anawasha kidogo, anapitisha kwenye meno yanayoonekana na watu, anazima. Magego aliyaachia Mungu. Fizi za Mektilda zilikuwa imara. Zake zilizidi kutoa damu, naye akatangaza kwamba huo ni uchafu unatoka.

Ikafika siku ya kumposea mpwa wake, Joakim. Kijana huyo alikuwa hali wala halali kwa ajili ya Gloria, binti wa mzee Ngeleja wa Bukundi, na mzee huyo alikuwa ameshawafukuza washenga wengine. Asubuhi ya safari Kristofa alibonyeza mswaki wake, kimya. Betri zimekufa.

Sasa, betri ikifa, kwetu hujui la kufanya? Unaianika juani. Kama una haraka, unaing'ata ipate nguvu. Tumeng'ata betri za redio tangu utoto na tumesikiliza mpira hadi mwisho. Kristofa alikuwa na haraka, akang'ata.

Betri ilibaki nzima. Jino ndilo lililotoka.

Bukundi tulipokewa vizuri, nikiwa mmoja wa wasindikizaji. Kristofa alianza maneno yake matamu, lakini kwa sauti ya chini, kiganja kikiwa mdomoni. Mzee Ngeleja alimsikiliza, kisha akawageukia ndugu zake.

"Anayesema huku ameziba mdomo anaficha jambo. Kijana wao ana nini? Kifafa? Warudi na ng'ombe wao."

Joakim alikuwa amesimama langoni. Nilimwona akiinamisha kichwa, nikaumia. Kristofa naye alimwona. Akaushusha mkono wake.

"Thina thiri, bhabha," alisema. "Nimeng'ata betri."

"Ya redio?"

"Ya mthwaki."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega, na mzee Ngeleja akacheka hadi akajifuta machozi. Kristofa alisimama katikati, pengo wazi, asijifunike tena. Nilimcheka, na sijawahi kumheshimu kama siku ile.

"Aliyekubali kuchekwa hivi kwa ajili ya mpwa wake, huyo hadanganyi," mzee alisema. "Binti tumewapa. Lakini huo mswaki ubaki kwenu Bariadi."

Kesho yake uani hapakuwa na ngurumo. Kristofa aliketi karibu na mkewe, naye anatafuna kijiti.

"Na nyuma pia, Baba Esteria," Mektilda alimwambia. "Hayo ndiyo uliyobaki nayo."