Maji Yalipofika Digrii Thelathini

Mwezi wa tano, mwaka 1972, nilisimama saa nzima mbele ya samaki wanaokufa. Nilijua jinsi ya kuwaokoa. Sikuthubutu kuonyesha kwamba najua.

Ningeonyesha, ningekufa kabla yao.

Sasa nina miaka sabini na saba. Kisa hiki nakiandika mwenyewe kwenye simu, neno kwa neno, simwachii mjukuu.

Naitwa Asmani, mzaliwa wa Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura. Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nne. Mchana nilifanya kazi kwa mzungu mmoja, Bwana Lambrecht. Jioni nilisoma kwa mapadri, Mwislamu peke yangu darasani. Miaka minne sikukosa hata jioni moja. Kifaransa nilikijua, hesabu nilizijua, na nilitaka kila mtu ajue kwamba najua.

Kazi ya mzungu ilikuwa kupeleka samaki wa ziwa letu Ulaya wakiwa hai, wakakae ndani ya masanduku ya vioo sebuleni kwa watu, waangaliwe.

Mji mzima ulitucheka. Samaki wa kuangaliwa tu?

Lakini kazi ilikuwa ngumu. Samaki wale walitoka chini kabisa, kwenye maji ya baridi, na kibanda chetu kilikuwa cha mabati. Saa sita mchana ndani ni tanuri. Maji yakishika joto yanaishiwa pumzi. Samaki anapanda juu, anaachama, na hapo umeshamkosa.

Kwa hiyo vioo tulivifunika magunia ya kahawa yaliyoloweshwa. Upepo ukipita, maji yanapoa, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Kila saa nilisoma termometa na kuandika kwenye daftari. Ishirini na tano, salama. Ishirini na nane, hatari. Thelathini, kaburi.

Mwenzangu aliitwa Radjabu, mvuvi wa Magara, mtu wa miaka arobaini hivi. Yeye alichovya mkono tu.

"Iko na joto kidogo," alikuwa akisema.

"Joto kidogo ni namba gani, mzee?"

"Namba ni zako, weye musomi. Mimi niko na mukono."

Nilimcheka miaka mitatu. Hata barua zake nilimsomea mimi, kwa sauti, barazani, watu wakisikia.

Kisha mwisho wa mwezi wa nne bunduki zikalia Rumonge. Watu waliuawa, wanajeshi wakaja, watu wakaendelea kuuawa. Bwana Lambrecht alikuwa Bujumbura na barabara ilikuwa imefungwa. Wengi walivuka ziwa kwenda Kongo.

Sisi tulibaki na samaki thelathini na mmoja.

"Tuondoke," Radjabu alisema.

"Kesho. Mzungu atarudi kesho."

Nilisema hivyo siku nne mfululizo. Mtumbwi ulikuwa wake, angeweza kuniacha. Hakuniacha, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Jambo moja tulilijua wote. Waliosoma walikuwa wanaitwa kwa majina, wanapandishwa lori, hawarudi. Walimu. Makarani. Wanafunzi.

Siku ya tano, kabla ya saa sita, sajenti mmoja aliingia kibandani na askari wawili.

"Amahoro," alisema, kama mgeni aliyekuja kusalimia.

"Amahoro, shefu."

Askari walivua magunia yote kwenye vioo, waone kama tumeficha kitu nyuma. Wakayatupa chini. Sajenti akaliona daftari.

"Hizi namba ni za nini? Nani anaandika?"

Niwaambie ukweli: nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kwa fahari. Mtu ameuliza nani anaandika, na mimi ndiye ninayeandika.

Radjabu akaniwahi.

"Ya muzungu, shefu. Aliiacha hapa."

"Na huyu?"

"Huyu? Wa kuchota maji. Hajui hata jina lake likiandikwa."

Sajenti alinitazama juu mpaka chini. "Na ile kalamu kwenye mufuko?"

Radjabu akacheka kicheko kirefu. "Shefu, mutoto anatafuta bibi. Anatembea na kalamu ili wasichana waseme huyu ni musomi. Muulize amepata wangapi."

Askari wakaangua kicheko. Masikio yaliniwaka. Miaka minne ya masomo, nikachekwa kama mwizi wa kuku.

Sajenti hakucheka. Alikaa kwenye kreti, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Simameni hapo. Musiguse kitu."

Jua lilikuwa juu ya mabati. Magunia chini. Termometa ilikuwa mbele ya uso wangu, na jicho lililojifunza kusoma halijui kuacha. Ishirini na saba. Nikaangalia ukuta. Nikarudi. Ishirini na nane na nusu.

Samaki wa kwanza akapanda juu, akaachama.

Kengele ya misheni ililia saa sita. Ndiyo saa ya kuandika. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kalamu.

Niliugeuza njiani, nikajikuna kifua. Sajenti aliona. Alichana karatasi kwenye daftari, akaandika, akasimama, akaishika karibu na pua yangu, Radjabu akiwa begani kwangu.

Ilikuwa Kifaransa, maneno machache: kuna nyoka nyuma ya mguu wako.

Kwenye magunia mabichi nyoka hupenda kulala. Tuliwahi kumuua mmoja. Na wakati ule ule kitu cha baridi kilinigusa kisigino.

Sikugeuka.

Nilimwangalia sajenti kama mtu anayeonyeshwa mchoro. "Ni nzuri, shefu," nilisema. "Unaandika vizuri."

Aliniangalia kwa muda ambao mpaka leo sijui kuupima. Kitu kile kwenye kisigino kikateremka kwenye unyayo. Yalikuwa maji ya gunia.

"Bure kabisa," sajenti aliwaambia wenzake. Akabana daftari kwapani, wakatoka.

Termometa ilisoma thelathini.

Radjabu aliyarukia magunia, akayarudisha kwenye vioo kama mtu anayezima moto. Mimi nilichota maji kwa ndoo, nikayamwaga kutoka juu ili yaingie pumzi. Samaki kumi na tisa walikuwa wameshageuka matumbo. Kumi na wawili waliendelea kuhema.

Ila ujinga wa kiburi haufi kwa saa moja. Nikamuuliza, "Mzee, unajua aliandika nini pale?"

"Nyoka," alisema, huku anakamua gunia. "Nyuma ya mguu wako."

Ndoo ilinitoka mkononi.

"Wewe unasoma?"

"Kabla yako. Na Kifaransa chako kibaya."

"Na barua zako? Miaka mitatu nakusomea."

Akaketi juu ya ndoo. "Mwaka wa sitini na tano watu kama hawa walikuja tulipokuwa tukiishi, huko juu milimani. Wakauliza nani anajua kusoma. Kaka yangu aliinua mkono, anafikiri ni kazi. Mimi nilikuwa pembeni yake, na wangu haukuinuka."

Akainuka, akachukua kasia.

"Alikuwa kama wewe. Kalamu mufukoni. Sasa twende, hilo daftari likifika kwa mutu mwenye akili, ataona limeandikwa mupaka leo asubuhi, watarudi."

Jioni haikutukuta Rumonge. Samaki kumi na wawili tuliwamwaga ziwani penye kina, wakazama bila kutuangalia, nasi tukapiga makasia kuelekea Kongo. Bwana Lambrecht sikumwona tena. Radjabu nilimzika mimi mwenyewe, huko mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, miaka kumi na minane baadaye. Watu msibani walimwita mvuvi asiyejua kusoma. Nikawaacha.

Vijana mnaosoma hapa, someni. Mimi sijutii hata jioni moja ya darasa lile. Ila mtu akikwambia hajui kitu, usiharakishe kujiona umemzidi. Pengine anajua pia bei ya kujua, na wewe bado hujaulizwa.