Kabati la Kikombe

Rwegasira alitengeneza kabati la kikombe kabla timu haijacheza hata mechi moja ya msimu, na Muleba nzima ikamcheka. Alikuwa fundi seremala wa chuo cha ualimu, na ukocha alijipa mwenyewe baada ya kuona wanachuo wanavyokimbiza mpira kama kuku waliofunguliwa bandani. Kabati lilikuwa la mvule, refu karibu kimo cha mtu, lenye mlango wa kioo na kitasa cha shaba. Alilisimamisha karakanani, tupu, akawatangazia wachezaji kwamba kikombe cha ligi ya vyuo kitalala humo.

"Waitu fundi, weka hata bilauri, lisijione yatima," alimtania Mwijage, nahodha wa timu, kwa neno la heshima la Kihaya.

Rwegasira hakujali. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Ulikuwa mwaka 1989, na kwa miaka miwili hakuna aliyemwagiza kiti wala meza. Watu walimletea uzi uliofungwa fundo, urefu wa marehemu wao, wakaomba jeneza. Ukimwi, ambao wazee bado waliuita Juliana, ulikuwa umebisha hodi karibu kila nyumba, na kwake ulimchukua mwanawe wa pili. Alitaka jambo moja tu: kabla hajazeeka, mikono yake itengeneze kitu cha kuwekea furaha.

Timu ilicheza vizuri kuliko hata majigambo yake. Ilishinda ugenini, ikashinda nyumbani, ikaongoza ligi. Lakini mara mbili ilishindwa kutokea uwanjani, kwa sababu kijijini pale, maiti akiwa ndani, hakuna anayeshika jembe, sembuse kugusa mpira, mpaka azikwe. Viongozi wa ligi walisema wanasikitika, ila mara ya tatu timu inafutwa. Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani, na wageni kutoka Bukoba mjini wangeshuka Jumamosi saa kumi. Mshindi angebeba kikombe.

Jumamosi hiyo alfajiri Datius akafariki. Alikuwa winga wa timu hiyohiyo mpaka mwaka uliotangulia, ugonjwa ulipomlaza kwa mama yake, Kokuberwa, nyumba ya pili kutoka lango la chuo. Saa moja Mwijage alisimama mlangoni mwa karakana, uzi wenye fundo mkononi.

Rwegasira hakuwa na ubao hata mmoja. Wiki ile alishatoa majeneza manne, na lori la mbao za paini lilikuwa limekwama njiani, lisingefika kabla ya Jumatatu. Na Kokuberwa alikwisha kusema mwanawe hazikwi kwa mkeka kama mtu aliyekosa watu. Bila jeneza hakuna maziko, na bila maziko hakuna mechi.

Akalitazama kabati. Akaunyoosha uzi ubavuni mwake, ukazidi kwa shibiri moja. Ilimuuma, tuseme kweli. Ilimuuma hadi akamkaripia Mwijage bure kwa kusimama karibu na randa. Kisha akatoa kioo taratibu, akakiegemeza ukutani, akashika nyundo. Rafu zilijazia pale palipopungua. Saa nne jeneza lilikuwa tayari, na katika haraka alisahau kung'oa kile kitasa.

Kokuberwa alikiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akakigusa.

"Hiki ni cha nini, Rwegasira?"

"Ni cha kabati la kikombe, Mama Datius. Sikuwa na ubao mwingine."

Wachezaji walikwisha kuchimba kaburi katika migomba nyuma ya nyumba, na saa sita katekista alimaliza sala. Wazee wakaanza kunong'ona kama ni vyema vijana kucheza siku ileile. Kokuberwa akawakatiza.

"Wiki nzima ameniuliza Jumamosi ni lini. Nendeni mkacheze. Mkirudi bila kikombe, msipite mlangoni kwangu."

Waliingia uwanjani na udongo kwenye kucha. Wageni walitangulia kufunga. Mwijage akasawazisha kwa kichwa, na dakika nne kabla ya kipenga cha mwisho akafunga la pili, kutoka upande uleule wa kulia aliokuwa akichezea Datius. Rwegasira alilia mbele ya wanafunzi bila kuficha uso. Kikombe walikipeleka kwanza kwa Kokuberwa, akakikumbatia, ndipo kikalala karakanani juu ya kasha la misumari.

Jumatatu lori la mbao lilifika. Nyuma yake akaja Mwijage, na mkononi ana uzi wenye fundo. Ulikuwa mfupi, wa kiasi cha mtoto mchanga. Rwegasira akaweka randa chini.

"Nani tena, mwanangu?"

"Kikombe, fundi. Tumekipima wenyewe."

Rwegasira aliketi kwanza, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akachukua ubao na penseli, akaulaza ule uzi mara mbili: mara moja kwa kikombe hiki, na mara ya pili kwa cha mwaka ujao.