Dawa katika Mtungi wa Sabuni

Sheria ya Nzilani ilikuwa moja: sabuni isiyo na dawa haitoki nyumbani kwake. Aliishika miaka minne, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Kushika sheria si sifa ikiwa sheria yenyewe ni mbovu.

Alitengeneza sabuni ya maji nyuma ya nyumba yake hapa Machakos mjini, akaiuzia mikahawa ya karibu na soko. Alikuwa mchapakazi, wala hakumpunja mtu kipimo. Tangu korona, kila mteja alitaka sabuni ya kuua viini. Kisilu, mwenye mkahawa, alikuwa akinusa mtungi kwanza.

“Mwaitu, mama yetu, hii iko na dawa ama ni povu tu?”

“Iko na dawa. Inaponya kidonda, itashindwa na hiyo mikono yako?”

Dawa hiyo ilikuwa vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili ambavyo kwetu watu huvifungua na kunyunyizia unga wake kwenye vidonda. Nzilani alivinunua bila karatasi ya daktari, akafungua kumi kwa kila mtungi, akakoroga kwa mkono mtupu ili ahisi kama unga umeyeyuka. Hakuwa mjinga, alimaliza kidato cha nne. Alitaka tu kuwapendeza wateja, na hakumuuliza anayejua.

Agosti mwaka jana alijikata kidole akitoboa mtungi. Akanyunyizia unga uleule. Siku ya nne mkono wa kulia, ule wa kazi, ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Hospitalini, Daktari Ndeti alichukua usaha ukapimwa. Majibu yalisema dawa ile haiviui viini vya kidonda hicho, na nyingine mbili pia haziviui.

“Umezoea kumeza hizi vidonge, mama?”

“Sizimezi. Naziweka kwa sabuni.”

Ndeti aliweka kalamu chini. “Kwa miaka mingapi?”

“Nne.”

“Asi! Umevisomesha viini mpaka darasa la nne.”

Nzilani hakucheka. “Kwa hivyo ni sabuni yangu imeniharibia mkono?”

“Siwezi kuapa. Lakini ukivipa dawa kidogo kidogo kila siku, dhaifu vinakufa, sugu vinabaki na kuzaana. Sabuni ya kawaida na maji zingetosha.”

“Na sanitaiza?”

“Hiyo inaua kwa spiriti, ni kitu tofauti. Zile sabuni za duka zimeandikwa zinaua viini, nyumbani hazijaonyesha kuishinda ya kawaida, na kuna dawa ndani yazo bado inashukiwa kuvifanya viini kuwa sugu.”

“Mkono utabaki?”

“Tutajaribu dawa ya mwisho tuliyo nayo.”

Alitundikiwa dripu siku kumi na tisa. Aliporudi alipita kila mkahawa, akawaambia wamwage sabuni yake na kwa nini. Kisilu aliimwaga, kisha akatafuta muuzaji mwingine. Nzilani hakumlaumu.

Mkono ulibaki. Kidole cha shahada kilikatwa.