Mama Chebet Alikuja Kufunga Darasa Letu la Skateboard

Leo nimeambiwa mbele ya wanafunzi wangu kwamba ninaharibu watoto wa watu.

Ninafundisha takwimu kwa skateboard, ule ubao wa magurudumu, hapa mtaani kwetu West Indies. Watoto wanateleza, tunaandika nani amefika mwisho na nani ameanguka.

Mama Chebet alitokea wakati ule ule binti yake akianguka.

"Mwalimu, hii ndiyo hesabu? Funga darasa hili, unaharibu watoto wa watu! Chebet, twende nyumbani!"

Chebet akajipangusa magoti. "Mama, umeona mara moja tu. Hiyo haitoshi kusema mimi huanguka."

Weh! Nikamrudishia skateboard yake.

Mama akaweka chini mboga zake za sukuma wiki, akaketi. "Haya, teleza nione."

Alikaa mpaka jua likazama. Chebet alianguka tena, lakini mara nyingi alifika.

Kesho tuko hapo hapo. Mwenye maneno aje, ila akae aone mara zote.