Zamu ya Ngazi

Mama Ngazi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wapangaji, na walikuwa na haki, maana ukipita na matope kwenye ngazi zake alikuwa anakusindikiza mpaka barabarani akikuhubiria. Jengo lilikuwa la mji, la ghorofa nne, na mji ndio uliomwajiri kulisimamia. Mfupi, mnene kiasi, makubazi yake unayasikia kabla hujamwona mwenyewe. Asubuhi atakufokea, jioni atakugongea mlango kukuuliza kama umekula. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje?

Sasa, ngazi zile zilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi nyumba moja inapiga deki kuanzia juu mpaka chini. Ndoo na tambara vinakaa kwa mwenye zamu wiki nzima, na Jumamosi inayofuata asubuhi anavibeba na kuvitua mlangoni kwa jirani anayefuata. Anabisha, anasema, "Zamu imefika." Basi hapo, ndoo iko katikati, watu watasimuliana wee: nani kajifungua, nani kagombana na mkwewe, sukari imepanda tena. Mpangaji ambaye ndoo haikufika kwake, jua huyo hayumo kwenye mazungumzo ya jengo.

Akahamia Fundi. Alikuwa mwanamke mshona nguo, mumewe mwoka mikate, na wana mapacha wa kike ambao hata mama yao huwachanganya. Rangi yao haikuwa rangi ya wenzao jengoni. Babu zao waliletwa kama vibarua kuchimba mitaro ya mji huo huo, na wajukuu, waliozaliwa hospitali moja na watoto wa kila mtu, bado wanaitwa wageni. Zamani wangeambiwa nyumba zimejaa, hata kama mbili ziko wazi. Lakini halmashauri ya mji ilikuwa imepitisha sheria: nyumba za mji zinagawiwa kwa foleni, na hakuna kuulizwa rangi, kabila wala dini. Foleni ikawafikia, wakaingia. Wapangaji wakasema karibuni, karibuni sana. Midomo ndiyo iliyosema.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ilipofika Jumamosi ya Fundi, jirani aliyemtangulia kwa zamu aliibeba ndoo, akaupita mlango wake kana kwamba ni ukuta, akaenda kuitua ghorofa ya juu. Jirani huyo aliitwa Bibi Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake jengo zima litaisikia kabla ya chakula cha mchana. Na ndiye alikuwa shoga wa Mama Ngazi tangu ujana. Walilea pamoja, wakazika waume pamoja, wakacheka pamoja mpaka mbavu kuuma.

"Shoga, umeruka mlango," Mama Ngazi akamwambia.

"Sijaruka. Nimepita tu."

"Pale ni kwa Fundi."

"Kwani sijui? Wale na usafi wapi na wapi! Wakipiga deki wao, mimi nitakanyaga wapi?"

Jirani wa juu naye akaja juu: kwa nini afanye zamu ya watu wengine? Hapo Mama Ngazi akafanya kosa lake. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Akaichukua ndoo, akapiga deki mwenyewe ngazi zote kwa niaba ya Fundi, kisha akamwambia kwa tabasamu, "Mji umewasamehe wenye watoto wadogo. Wewe shona nguo zako."

Uongo mtupu, tena kwa jina la mji. Fundi akashukuru mpaka Mama Ngazi akaona haya. Kesho yake akamletea foronya mbili zenye maua ya kutarizi. Mama Ngazi akazilalia, na usingizi haukuja vizuri. Na bado, kila zamu ile ilipozunguka, alirudia yale yale.

Lakini watoto hawafunikiki. Siku moja mapacha walirudi kutoka kucheza uani, mmoja akamuuliza mama yake, "Mama, kwa nini ndoo haitaki kuja kwetu? Wenzetu wamesema tusiiguse."

Fundi akashuka kwa Mama Ngazi. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Mwisho wa mwezi nitakurudishia funguo," akasema. "Wale majirani nawajua, Mama, tangu nizaliwe nawajua. Wewe ndiye uliyeniuma. Wao wameniruka, na wewe ukafuta nyayo zao ili nisizione."

Mama Ngazi, mwenye mdomo wa kutosha mtaa mzima, akarudi chumbani kwake. Alikaa kitandani akalia, maana aliwapenda wale mapacha kama wajukuu zake, na alijua wakihama, ni mkono wake uliowafungulia lango.

Asubuhi akavaa gauni lake la heshima, akaenda ofisi za mji, kwa afisa anayeshughulikia malalamiko ya ubaguzi. Akamweleza yote, hata uongo wake. Moyoni alitarajia afisa atakuja yeye, avae tai, aseme yale magumu, na yeye asimame nyuma yake akiitikia kwa kichwa.

"Wakikataa, nitawaita hapa mmoja mmoja, na sheria itafanya kazi yake," afisa akasema. "Lakini umewaambia mwenyewe?"

"Mimi? Mimi wa kupiga deki?"

"Mama, wapangaji wako hawajawahi kuniona mimi. Mji wanaouona kila siku ni wewe."

Alirudi akinung'unika njia nzima kwamba vijana wa siku hizi wana majibu. Lakini Jumamosi, zamu ya Fundi ilipofika tena, alikuwa amesimama ngazini mapema, mikono kiunoni. Bibi Redio akatoka na ndoo.

"Unaipeleka wapi, shoga?"

"Unajua ninakoipeleka."

"Leo haipiti. Ndoo ni ya mji, ngazi ni za mji, na zamu ni ya Fundi. Ukimruka, nitakwenda ofisini kukushtaki, kwa miguu yangu hii hii iliyokukimbilia usiku ule ulipojifungua."

Milango ikaanza kufunguka.

"Utaniacha mimi kwa ajili ya hao?"

"Sikuachi. Ningekuwa sikupendi ningekusema nyuma ya mgongo, kama unavyowasema wao."

Lo! Bibi Redio macho yakamjaa machozi ya hasira. Kisha akageuka, akaitua ndoo mlangoni kwa Fundi, ikalia kishindo, maji yakamrukia miguuni. Akabisha. "Zamu imefika," akasema, kama mtu anayetema mbegu.

Fundi akafungua. Akaitazama ndoo, akawatazama wote. "Sina haja nayo. Tunahama."

"Fundi mwanangu," Mama Ngazi akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Mji haukukusamehe zamu. Mimi nilikudanganya, kwa woga. Kama ni kuhama, hama, sikuzuii. Lakini zamu ilikuwa yako tangu siku ya kwanza, nami niliiiba. Nisamehe."

Fundi akavua viatu, akafunga gauni kiunoni, akapanda na ndoo mpaka juu kabisa. Akaanza kupiga deki, ngazi baada ya ngazi, na hakuna aliyethubutu kupita. Alipofika karibu na mlango wa Bibi Redio, mlango ukafunguka, kichwa kikatokeza.

"Hee! Na kona ile? Umemwachia nani?"

Jengo zima likabana pumzi. Fundi akakamua tambara taratibu.

"Kona ile ina uchafu wa Jumamosi iliyopita, Bibi. Na Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya nani?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, kikaambukiza, mpaka yule jirani wa juu aliyekataa zamu ya wengine naye akashika ukuta. Bibi Redio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza matangazo yakakatika. Akaingia ndani. Akatoka na tambara lake, akapiga magoti kwenye kona, akaanza kusugua huku akisonya.

Mama Ngazi alikuwa ameketi chini pale, kwenye ngazi iliyolowa, analia bila kujificha.

"Ondoka hapo, Mama, sijakausha," Fundi akamwambia. Akamshika mkono, akamwinua. "Na zile funguo, sirudishi. Nikimwachia huyu bibi ngazi hizi, zitaoza."